Kitanda Chini ya Dirisha

Ibn Abd al-Hakam, mwanahistoria wa Misri wa karne ya 9, ametuachia kisa kifupi ambacho kila anayeketi kuandika kanuni za ujenzi wa mji angepaswa kukijua. Katika mji mchanga wa Fustat, nchini humo, sahaba aitwaye Kharija bin Hudhafa alijenga chumba juu ya nyumba yake. Habari zikamfikia Khalifa Umar huko Madina kwamba chumba hicho kinachungulia faragha za majirani. Umar akamwandikia gavana wake, Amr bin al-As: ingieni chumbani, wekeni kitanda, msimamisheni juu yake mtu asiyekuwa mrefu wala mfupi, akiweza kuchungulia dirishani, bomoeni. Amr akafanya hivyo. Yule mtu hakulifikia dirisha. Chumba kikabaki.

Neno la Kiarabu linalotumika katika kisa hicho, ghurfa, ndilo lililotuzalia sisi neno ghorofa. Tumelichukua neno, na miji yetu imejaa ghorofa, ila kile kitanda tumekisahau.

Angalia hukumu ile ilivyopimwa. Umar hakuuliza mtaa ule umetengewa matumizi gani. Hakuuliza dhiraa ngapi zinaruhusiwa kwenda juu. Kharija alikuwa mtu mkubwa, askari mwenye sifa, na cheo chake hakikumponya wala kumponza. Lililoulizwa ni moja tu: kuna jirani anayedhurika? Na njia ya kulijibu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu yeyote wa mtaani angeweza kusimama pale akashuhudia.

Nimekikumbuka kisa hiki mara nyingi katika mikutano ya mtaa, pale ofisa mipango miji anapobandika ramani ukutani, nyekundu kwa biashara, zambarau kwa viwanda, kijani kwa maeneo ya wazi, kisha akawauliza wananchi kama wana maoni. Mtu wa kwanza kunyoosha mkono huuliza karibu kila mara swali lile lile: "Mimi hapo niko wapi?" Wataalamu hulichukulia kuwa swali la mtu asiyejua kusoma ramani. Mimi naamini ndilo swali lenyewe. Nataka kulifuata katika mapokeo matatu ya kupanga mji: kanuni ya dhara katika miji ya Kiislamu, ikiwemo ya pwani yetu, kanuni ya kanda iliyokomaa Marekani na ambayo sisi tuliletewa sura yake ya kikoloni, na jaribio la Mukuru, Nairobi, ambako wakazi wa vibanda walikaa kuandika kanuni zao.

Moshi, harufu na mtikisiko

Msingi wa hukumu ya Fustat ni mafundisho ya Mtume yanayokataza mtu kumdhuru mwenzake au kulipa dhara kwa dhara. Juu ya msingi huo mafakihi walijenga elimu nzima ya ujirani. Huko Tunis, mwanzoni mwa karne ya 14, Ibn al-Rami aliandika kitabu cha hukumu za majengo. Uzito wa kitabu hicho umetokana na kazi ya mwandishi wake: alikuwa fundi mwashi, mtu aliyetumwa na kadhi kwenda kuutazama ukuta unaogombewa na kurudi na ushahidi. Ndiyo maana kurasa zake zimejaa moshi wa tanuri na hamamu, harufu ya ngozi zinazotengenezwa, mtikisiko wa vinu unaopasua kuta, maji ya mvua yanayomwagikia kwa mwingine, mlango mpya unaofunguliwa kuelekea mlango wa watu. Kila shauri lina mlalamikaji, mlalamikiwa na ukuta. Mafakihi walibishana hata juu ya nani katangulia: ikiwa tanuri lilikuwepo kabla ya nyumba, je, aliyejenga baadaye ana haki ya kuulalamikia moshi alioukuta?

Pwani yetu haikuyapokea haya yote kama yalivyo. Tunis ilifuata madhehebu ya Imam Malik. Lamu, Mombasa na Unguja wengi ni Washafii, nao wanajulikana kwa kumwachia mwenye nyumba uhuru mpana zaidi ndani ya mipaka yake. Pale fakihi alipolegeza, desturi ilikaza. Ingia katika nyumba ya kale ya Lamu: hukutani na ua moja kwa moja. Unalikuta daka, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha njia inapinda, ili mpita njia asione yaliyomo ndani. Inua macho kichochoroni uone wikio, chumba kilichorukia ng'ambo ya pili kuunganisha nyumba za ukoo mmoja, kikiacha chini yake nafasi ya watu kupita. Baraza la mawe mbele ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, lakini wanaolikalia ni mtaa mzima. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kinacholindwa katika miji hiyo miwili, pamoja na chokaa na milango ya nakshi, ni matokeo ya mapatano ya majirani yaliyorudiwa kwa karne nyingi.

Lakini tusiyapambe mapokeo haya kupita kiasi. Dhara ilisikilizwa kwa aliyekuwa na ukuta. Katika miji ya mawe ya pwani, ujirani wenye heshima ulikuwa wa waungwana. Mtumwa, mgeni maskini, mkazi wa kibanda cha udongo pembezoni, hakuwa na ukuta wa kuupeleka kwa kadhi. Swali la jirani ni zuri, lakini kabla yake kuna swali jingine: nani anahesabiwa kuwa jirani?

Kutoka tendo hadi aina

Mwaka 1922 kijiji cha Euclid, jirani na Cleveland katika jimbo la Ohio, kilipitisha kanuni ya kugawa ardhi yake yote kwa kanda: hapa nyumba za familia moja, hapa za familia mbili, hapa majengo ya kupangisha, hapa maduka, hapa viwanda. Kampuni ya Ambler Realty, iliyokuwa na ekari 68 karibu na reli, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba ardhi ambayo ingeuzwa dola 10,000 kwa ekari kwa ajili ya viwanda sasa ingeshuka hadi 2,500. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Euclid ushindi, na tangu hapo mtindo huo ukaenea nchi nzima.

Hoja ya Jaji George Sutherland ilianzia mahali ambapo Ibn al-Rami angepatambua: kwenye kero. Kero, alieleza, huenda ikawa ni kitu kizuri kilichowekwa pasipo pake, kama nguruwe aliyeingizwa sebuleni badala ya kukaa zizini. Baada ya hapo jaji akapiga hatua ambayo yule fundi wa Tunis hakuipiga. Kanuni ya kanda haingoji moshi utoke wala ukuta upasuke. Inakipanga kitu kwa aina yake kabla hakijajengwa, na kukikataza mtaa mzima hata kama hakuna jirani mmoja atakayeweza kuonyesha alichodhurika. Hukumu ikahama kutoka tendo hadi aina. Na katika kuorodhesha aina hizo, jaji akalifananisha jengo la vyumba vya kupangisha na kupe, linalonyonya uwazi na uzuri uliotengenezwa na nyumba za familia. Waliokaa ndani ya majengo hayo, wafanyakazi na wahamiaji, hawakuwa mbele yake kujitetea.

Jaji wa ngazi ya chini, David Westenhaver, aliyeitengua kanuni hiyo mwaka 1924, alikuwa ameshaliona hilo. Alieleza kwamba mwisho wa yote, kanuni kama hii huwapanga watu na kuwatenga kulingana na kipato chao na hali yao ya maisha. Maneno hayo yanauma zaidi ukikumbuka kwamba mwaka 1917, katika kesi iliyotoka mji wa Louisville, Mahakama Kuu ilikuwa imeshapiga marufuku kanuni za miji zilizotenga mitaa kwa rangi. Mlango wa rangi ulifungwa, na mlango wa aina ya jengo ukaachwa wazi. Ardhi ya Ambler yenyewe, iliyopiganiwa hadi mahakama ya juu kabisa, ilikuja kujengwa kiwanda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Uzunguni, Uhindini, Uswahilini

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kusafiri hadi Ohio kulielewa jambo hili. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 iliugawa mji kanda tatu. Ya kwanza iliruhusu majengo ya Kizungu tu. Ya pili ilidai vifaa imara, ikawa ya wafanyabiashara wa Kihindi. Ya tatu iliachiwa nyumba za wenyeji, za udongo na makuti. Waingereza walipochukua nchi waliuendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo. Kipimo kilichoandikwa kilikuwa jengo. Kila mtu alijua kilichokuwa kikipimwa.

Wahenga wetu wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kanuni za kikoloni zilisimama mlangoni. Zilitazama bati, saruji na umbali kutoka barabarani, na kwa hayo zikaamua nani anastahili mfereji, taa na daktari.

Uhuru ulifuta majina ya mbari katika karatasi, lakini mazoea ya kupanga kwa aina yaliendelea chini ya jina la ujazo: viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Mtu aliyenunua kiwanja miaka ya karibuni anajua kwamba neno ujazo bado linabeba maana ya hadhi. Ujazo mdogo ni kwa wenye magari na bustani. Ujazo mkubwa ni kwa wengine. Na walio wengi zaidi, wale waliojenga kwa kununuziana mbele ya mjumbe na mashahidi, hawako katika ujazo wowote. Ramani ikifika kwao hufika kwa sura ya herufi X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mapokeo mawili inapokuwa ya maisha na kifo. Katika kanuni ya dhara, bomoabomoa ni mwisho wa shauri: kitanda kimewekwa, mtu amesimama, dhara imeonekana. Katika kanuni ya aina, bomoabomoa yaweza kuwa mwanzo wa shauri, kwa sababu hukumu imekwisha kutolewa na rangi ya ramani.

Majirani wanaotaka majirani zaidi

Wamarekani wenyewe wameanza kuirudia hesabu ya Euclid. Desemba 2018 baraza la jiji la Minneapolis, kwa kura 12 dhidi ya 1, lilipitisha mpango uliokomesha kanda za nyumba za familia moja pekee na kuruhusu hadi makazi matatu katika kiwanja kilichokuwa cha nyumba ya familia moja. Ulikuwa mji mkubwa wa kwanza nchini humo kufanya hivyo. Nguvu ya hoja ilitokana na historia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamezichambua hati za nyumba na kuonyesha kwenye ramani viwanja ambavyo mikataba yake ilikataza kuuziwa watu weusi na wengine wasio Wazungu. Mipaka ya ubaguzi na mipaka ya raha ilikuwa imeshikana.

Mjadala ulikuwa mkali, na inafaa kuusikiliza kwa haki. Bustanini mwa watu vilisimama vibao vyekundu vikiomba mitaa isisawazishwe kwa matingatinga. Waliovisimamisha waliogopa kivuli, magari, miti kukatwa, na wanunuzi wakubwa kuingia na fedha zao. Hizo ni dhara, na Ibn al-Rami angezipokea mezani. Kwa upande wa pili kikasimama kikundi kilichojiita "Majirani kwa ajili ya Majirani Zaidi". Baraza lilisikiliza kiasi: pendekezo la kwanza lilikuwa makazi manne kwa kiwanja, likashushwa hadi matatu. Kesi za mazingira zikafuata na kuukwamisha mpango, hadi bunge la jimbo lilipobadili sheria mwaka 2024.

Jina la kile kikundi ndilo linalonishughulisha. Linamdai jirani ambaye hajafika: mpangaji ambaye angeishi hapo kama pangekuwa na chumba, kijana ambaye kodi imemsukuma nje ya mji. Mkutano wowote wa maoni huhudhuriwa na waliokwisha kupata. Atakayekosa chumba kwa sababu ya uamuzi wa leo hawezi kunyoosha mkono, kwa kuwa hajui hata kwamba anajadiliwa. Kisa cha Fustat hakina nafasi ya mtu huyo, kwani kitanda kinampima yule tu ambaye tayari ana dirisha la kuchunguliwa.

Maji hayana mlalamikiwa

Kuna upungufu wa pili katika kanuni ya dhara, na bonde la Msimbazi linautangaza kila masika. Mto unaanzia vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander la zamani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi na biashara zao. Nani alimdhuru mkazi wa Jangwani siku ile? Hakuna mtu mmoja wa kumpeleka kwa kadhi. Ni mapaa na saruji za maelfu ya nyumba za juu, kila moja ikizuia maji kidogo kuzama ardhini, ni taka zilizojaza mitaro, ni mchanga ulioporomoka. Dhara iliyogawanywa kwa watu laki moja haina mlalamikiwa.

Kwa dhara ya namna hiyo tunahitaji ramani. Tunahitaji mtu wa kutazama bonde lote kwa pamoja na kusema hapa tusijenge, hapa maji yapite, hapa pabaki wazi. Anayedhani kwamba mji wa mamilioni unaweza kuongozwa na maafikiano ya majirani wawili wawili hajaona bomba la maji taka likipasuka. Hoja yangu haiikatai ramani. Inaitaka ramani ijibu kwa kila nyumba inayoigusa.

Mukuru: ramani iliyoanza na watu

Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Humo mlikuwa na kaya zipatazo 100,000, wengi wao wapangaji, juu ya ardhi ambayo kwenye hati nyingi ilikuwa ya watu binafsi waliogawiwa kwa ajili ya viwanda vidogo. Kwa mtazamo wa Euclid, hapo palikuwa na kosa la aina: nguruwe laki moja sebuleni. Kwa mtazamo wa kadhi wa kale, palikuwa na watu wasio na ukuta.

Kazi ilikuwa imeanza kabla ya tangazo. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa vitongoji duni, pamoja na washirika wake vyuoni na katika mashirika, walikuwa wamehesabu, wamepima na kuonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme kwa kipimo ghali kuliko mkazi wa mitaa ya watu wenye nafasi. Umaskini ulikuwa unatozwa faini. Hiyo ni dhara iliyopimwa kwa macho ya wenyewe, kitanda kilichowekwa chini ya dirisha.

Baada ya tangazo, mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi: maji, afya, elimu, sheria, fedha, makazi, barabara. Wakazi walipangwa kwa vikundi vya kaya kumi kumi, vikapanda ngazi kwa ngazi, ili neno la mwenye kibanda lifike mezani na jibu lirudi hadi mlangoni pake. Barabara ndiyo iliyopima ukweli wa mambo. Kwa viwango vya kawaida vya upana, nyumba nyingi mno zingebomolewa, na waliokusudiwa kunufaika wangekuwa wa kwanza kuhama. Wakazi na wataalamu wakaanza na swali jingine: barabara hii ni ya nini? Gari la zimamoto lipite, gari la wagonjwa lipite, bomba la maji taka likae chini yake. Ikiwa njia nyembamba zaidi inayatimiza hayo, upana wa kitabuni unamlinda nani? Viwango vikashuka, na makazi mengi yakapona.

Hapo ndipo ninapoyaona mapokeo mawili yakikutana. Ramani ilikuwepo, kwa sababu maji na kinyesi havijui mipaka ya ukuta. Lakini kipimo cha ramani kilikuwa kile cha Fustat: taja dhara, ionyeshe, kisha sema nani anaibeba.

Sitamaliza hadithi hii kwa vigelegele. Mwishoni mwa 2021, wakati mpango ukiwa umeandaliwa na baadhi ya barabara na mabomba yakijengwa, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba ili kupisha barabara nyingine. Watu walilala juu ya vifusi vyao. Ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa umewapa sauti, lakini hati haikuwa mikononi mwao, na sauti bila hati hunyamazishwa na tingatinga. Hili nalo ni somo la kulinganisha: mlalamikaji wa Tunis alisikika kwa sababu ukuta ulikuwa wake.

Kitanda kirudishwe mkutanoni

Miji yetu itaandika kanuni nyingi mpya katika miaka ijayo, na ni sharti iziandike. Nairobi inagombana juu ya idadi ya ghorofa Kileleshwa na Kilimani, ambako watu wameamka na kukuta mnara umekatiza jua lao na mabomba ya zamani yakibeba mzigo wa wapangaji wapya. Dar es Salaam inarasimisha mitaa iliyojipanga yenyewe. Zanzibar inapima utalii dhidi ya wenyeji wanaouacha Mji Mkongwe. Katika kila mjadala huo wapo watakaosema wataalamu wameshaamua, na wapo watakaotaka kila mwenye kiwanja afanye apendavyo.

Ninachodai kwa wote wawili ni kidogo, na kinawezekana. Kila katazo katika kanuni mpya liandikwe pamoja na dhara linayoizuia, kwa lugha ambayo mkazi anaweza kuipinga. Dhara hiyo ipimwe hapo mtaani, mbele ya watu, kabla ya ramani kupigwa mhuri. Mpangaji ahesabiwe jirani sawa na mwenye hati, na atakayekosa pa kuishi atafutiwe mtu wa kumsemea. Na pale ambapo dhara haionekani, aliyejenga aachwe, awe Kharija au mama muuza mboga.

Ndipo mkutano ujao, mtu wa kwanza akinyoosha mkono na kuuliza "Mimi hapo niko wapi?", ofisa ataweza kushuka kutoka jukwaani, kutoka nje pamoja naye, na kusimama mbele ya nyumba yake kumwonyesha.